Masinia ya Udongo

Jumatano ya wiki ambayo washenga walitarajiwa nyumbani kwetu, maji ya bafuni yaligoma kushuka. Mume wangu alikuwa anaoga. Alitoka na taulo kiunoni, povu bado masikioni, akasema maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Nilijua palepale. Nilikwenda uani bila kumjibu, nikafunua chemba iliyo karibu na karakana yangu, nikaikuta imejaa pomoni, juu kumetanda utando wa kahawia, mzito, umetulia kama uji uliopoa.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikimwaga udongo kwenye sinki.

Karakana ninayoisema ni kibanda cha uani kilichokuwa stoo ya mbao kabla hatujahamia. Ndani nina gurudumu la kufinyangia linalozungushwa kwa mota ya umeme, meza ya kukandia, rafu tatu na sinki la saruji. Nyuma ya kibanda kuna joko dogo la matofali ninalolichochea kwa kuni. Udongo huletwa na kirikuu kutoka upande wa Kisarawe, mwekundu wa bondeni, nami huuongezea kaolini kidogo, ile nyeupe ya milima ya Pugu. Kuuloweka, kuuchuja kwa chandarua, kuuanika, kuukanda: gunia moja hunichukua siku nne kabla sijafinyanga hata kikombe. Ndiyo maana siwezi kutupa kipande, na sijawahi kumwelewa mfinyanzi anayetupa.

Mabaki ni mengi kuliko wasiofinyanga wanavyodhani. Chungu kikiwa kwenye gurudumu huacha uji kwenye beseni. Kikishika kidogo, kitako chake huchongwa, na michongo hujikunja kama maranda ya seremala. Mdomo ukipinda, chungu kizima hurudi kuwa bonge. Kikombe kikavu kikiangushwa na paka, kinarudi pia. Yote hayo hayajapotea maadamu hayajapita motoni. Joto likishavuka nyuzi 600 hivi, yale maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huondoka na hayarudishiki. Kinachobaki ni kigae, nacho kazi yake ni kupondwa kuwa chenga za kutia kwenye udongo wa vyungu vya kupikia. Kabla ya moto, kila kipande ni udongo bado.

Mwaka ule masika yalikuja na mvua isiyopumzika. Mabaki, ambayo kwa kawaida huyaanika juu ya bati la kibanda, hayakukauka. Yalibaki na ugumu wa sabuni ya mche, yakaanza kuota madoa meusi. Nikachoka kusubiri. Uani palikuwa na pipa la bluu la lita 200, ambalo mume wangu alilinunua kwa ajili ya siku za mgao wa maji. Nikalichukua bila kumwomba, nikatia mabaki ya miezi mitano, nikajaza maji hadi ukingoni, nikafunika.

Nilikuwa na methali ya kunitetea. Tangu darasa la tatu nimeisikia: udongo uwahi ungali maji. Wazee waliitunga kwa ajili ya malezi, lakini mfinyanzi huisikia kama amri ya kazi yake, nami niliitii hivyo. Niliona kwamba kipande chenye unyevu kimekaribia kulainika, kwa hiyo kisicheleweshwe. Ni kosa ambalo wengi wanaoanza kufinyanga nyumbani hulifanya, na ningependa nisikie wameliacha. Kipande chenye unyevu kikitiwa majini, ngozi yake ya juu huvimba na kuwa utelezi, na utelezi ule huziba njia. Maji hayapiti, ndani panabaki vilevile wiki baada ya wiki. Kilichokauka kabisa kina vitundu vilivyo wazi. Maji huingia kwa kasi, husukuma hewa nje, na kipande humeguka chenyewe bila kuguswa. Methali inamfaa anayefinyanga. Anayerudisha mabaki hana budi kungoja yakauke hadi ndani.

Sikungoja. Kila asubuhi nilifunua pipa, nikakoroga kwa mti wa ufagio, nikagonga mabonge yaleyale ya jana. Harufu ilikuwa ya yai viza. Hiyo haikunitisha, kwa sababu udongo uliochacha hufinyangika vizuri na wapo wafinyanzi wanaouchachisha makusudi. Kilichonikosesha usingizi ni mabonge. Nikajiambia maji yamechoka, yabadilishwe. Basi nikawa nachota yale ya juu, ya kahawia, ndoo baada ya ndoo, namwaga kwenye sinki, natia mengine safi. Beseni la gurudumu nalo nikalimwaga hukohuko. Sinki lile lilikuwa na bomba moja na bafu letu.

Alhamisi alikuja fundi bomba, kijana mpole mwenye waya mrefu wa kuzibulia. Aliusukuma waya mara tatu, mara tatu ukarudi umevaa udongo kama mshumaa. Mwisho akapiga magoti, akatia kopo kwenye chemba na kuanza kuchota. Alijaza ndoo tatu na nusu. Katikati ya kazi alisimama, akasugua kidogo kati ya vidole vya glavu yake, akanitazama.

“Mama, hapa kwenu mnatupa nini? Huu udongo ni laini kama mafuta ya mgando. Mimi nimezibua bomba nyingi, huwa ni mchanga, mafuta ya jikoni, nywele. Sijaona kitu kama hiki.”

Nilimlipa kwa fedha iliyotengwa kwa ajili ya soda za washenga. Neno lake sikulitilia maanani. Niliona ndoo tatu na nusu za uchafu ambazo sikujua nizipeleke wapi, na kikao cha posa siku mbili mbele yetu.

Posa ilikuwa ya wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, ambaye tunaishi naye tangu akiwa kidato cha kwanza. Kwa kuwa baba mkwe alishafariki, kaka mtu ndiye aliyepaswa kuipokea barua. Mama mkwe alikuwa njiani kutoka Kyela. Ijumaa alfajiri tulimpokea kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, na gunia lake la mchele na miguu iliyovimba kwa safari. Alipofika nyumbani hakukaa sebuleni hata dakika kumi. Alitaka kuona uani, akanyooshe miguu. Akazikuta ndoo.

“Mwanangu, huu umeutoa wapi?”

“Bombani, mama.”

“Uliingiaje bombani?”

Nikamweleza, sikuficha kitu. Alisikiliza huku ameokota kijiti cha mwarobaini. Alikichovya kwenye ndoo ya kwanza, akakiinua polepole. Udongo ukamfuata kwa uzi mrefu, mwembamba, usiokatika. Akakirudisha, akakiinua tena. Kisha akasogea kwenye pipa, akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono hadi kiwiko, akaibuka na bonge. Alilibinya. Lilipasuka kama muhogo uliokauka.

“Unaovutika umeutupa,” akasema. “Umebakiza mifupa.”

Hapo ndipo maneno ya fundi yaliponirudia. Chembe za mfinyanzi halisi ni ndogo mno, chini ya sehemu mbili za elfu moja za milimita. Ukikoroga pipa, mchanga hutua kwanza, chenga hufuata, na zile ndogo kabisa huelea kwa siku nyingi, nazo ndizo zinazoyapa maji rangi. Ni hizo zinazoteleza moja juu ya nyingine na kuufanya udongo ukubali kunyooshwa bila kuchanika. Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikichota kilicho bora na kukipa bomba, na kila nilipoongeza maji safi na kukoroga, nilikuwa nakitoa kingine nikimwage kesho yake.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya bomba, nami nalisema wazi. Mama mkwe wangu ni Mkisi. Amezaliwa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, ambako wanawake wamefinyanga vizazi na vizazi na kuvusha vyungu kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, pale Matema. Alifinyanga mwenyewe hadi alipoolewa. Nilikuwa nimeishi kwenye ndoa yangu miaka kumi na miwili, minane kati ya hiyo nikifinyanga, na sikuwa nimemuuliza swali hata moja kuhusu udongo. Nilifikiri kwa kuwa wao hawatumii gurudumu la umeme, hatuna la kuulizana.

Kwenye ukuta wa karakana nimebandika picha ya chungu cha Magdalene Odundo, cheusi, chenye shingo ndefu, kimeng'arishwa hadi kinaakisi dirisha. Mama alikiangalia sana, akauliza kimefinyangwa na nani. Nikamwambia: mwanamke aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kusoma Uingereza, na miaka ya sabini akaenda Nigeria kujifunza kwa wanawake wanaofinyanga kwa mikono. Gurudumu halitumii.

“Alikwenda kuwauliza,” mama akasema.

“Ndiyo, mama.”

Hakuongeza neno. Alifunga kanga kiunoni na kuniomba waya wa kukatia.

Tungeweza kuliacha pipa hadi posa ipite, ila mume wangu alikuja jioni na taarifa kwamba Jumamosi ni zamu ya mtaa wetu kukosa maji. “Mama Kulwa, nalitaka pipa langu,” akasema, na sauti yake haikuwa na ugomvi, ila ilikuwa na haki yote. Wageni ishirini, choo kimoja, maji hakuna. Pipa lilipaswa kuwa tupu, safi na limejaa maji kabla ya usiku wa manane.

Maji ya juu hatukuyamwaga. Mama aliyagawa kwenye kila chombo kilichokuwa na nafasi: ndoo za rangi, dumu zilizokatwa, beseni la kuogeshea watoto walipokuwa wachanga. Mabonge tuliyatoa moja moja. Mimi nilikata kwa waya vipande vyembamba kama vya muhogo wa kukaanga, yeye akavipanga. Wembamba ndio siri ya kukausha. Udongo laini una maji kiasi cha robo ya uzito wake hivi, na bonge la ukubwa wa kichwa laweza kukaa masika yote na lisikauke ndani. Rafu zikajaa. Meza ikajaa. Mbao za joko zikajaa. Ndipo Doto, pacha wa pili, ambaye hupenda kuwa na jawabu kabla ya kila mtu, alipokimbia jikoni na kurudi amebeba masinia.

Yalikuwa kumi na moja. Wifi aliyaazima kwa majirani watatu kwa ajili ya pilau.

Saa saba za usiku, vipande vilikuwa vimeenea nyumba nzima: barazani, juu ya kabati la vyombo, kwenye ukingo wa dirisha, kuzunguka jiko la mkaa la nje ambalo mama alilikoleza na kulifunikia majivu ili litoe joto la polepole. Mume wangu aliosha pipa mara nne. Wifi alipita katikati yetu amefunga kitambaa kichwani, uso umejaa wasiwasi, akiuliza kama masinia yatarudi. Nilimwahidi kwamba yatarudi kabla ya saa nne asubuhi.

Mungu alitupa jua. Jumamosi mbingu ilifunguka kama vile mvua haikuwahi kuwapo, na kufikia saa tatu vipande vyembamba zaidi vilikuwa vimegeuka rangi kutoka hudhurungi hadi krimu. Kuna namna mbili za kujua udongo umekauka: hubadilika rangi, na ukiuweka shavuni husikii baridi. Mama aliwafundisha pacha, nao wakawa wanazunguka nyumba wakijigusisha vipande mashavuni, wakipiga kelele “bado!” na “tayari!” Vilivyokuwa tayari vilihamishiwa kwenye sinia moja kubwa ili mengine yaoshwe. Sinia lile, kwa haraka za asubuhi, liliwekwa kwenye meza fupi ya barazani.

Washenga walifika saa nne kasoro. Mshenga mkuu alikuwa mzee mwenye sauti nzuri, na alianza kama wanavyoanza: walikuwa wakipita njia, wameona ua, wamevutiwa, wamekuja kuuliza mwenye bustani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilikuwa nafuatilia ua na bustani niliposikia mlio mdogo upande wa kushoto, mkavu, kama mtu anavunja kashata.

Miongoni mwa wageni alikuwamo mama mmoja kijana, mke wa ndugu yake bwana harusi mtarajiwa, mjamzito wa miezi saba hivi. Alikuwa amechukua kipande kwenye sinia, amekitafuna nusu, na alikuwa anakitafuna kwa raha ambayo kila aliyebeba mimba na kutamani udongo ataifahamu. Aliona pemba, ule udongo wa kula. Kwa nini asione? Vipande vya udongo mkavu, vimepangwa kwenye sinia, mbele ya wageni; sokoni pemba huuzwa hivyohivyo.

Sikuweza kungoja mzee amalize. Nilisogea kwa magoti, nikamshika mkono. “Mdogo wangu, samahani, hiyo siyo pemba. Ni udongo wangu wa kazi. Tafadhali usimeze.”

Aliona haya hadi machozi yakamlenga. Nami nilikuwa na hofu ya kweli, kwa sababu udongo ule ulikuwa umechacha kwenye pipa wiki tatu, na hata ule wa sokoni wajawazito hutahadharishwa nao, kwa kuwa unaweza kuwa na risasi au mayai ya minyoo. Mama alimwinua taratibu kama mtoto wake, akampeleka jikoni asukutue, akampa chai ya tangawizi, akakaa naye. Nilimwomba mumewe ampeleke kliniki Jumatatu, na alimpeleka. Hakuwa na tatizo lolote. Kwa siku zile mbili, kila simu ilipolia nilishtuka.

Barazani palikuwa kimya. Mshenga mkuu aliuliza kwa heshima ni udongo gani huo unaoanikwa barazani kwa watu. Mume wangu alinitazama. Mama ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

“Mzee, udongo huo ni wa chungu cha watoto wenu hawa. Mkipatana na mwanangu kuhusu mahari, siku ya harusi mtanywea maji humo.”

Mzee alicheka, wote wakacheka, barua ikapokewa, pilau ikaliwa kwenye masinia safi. Lakini ahadi ilikuwa imetoka mbele ya mashahidi ishirini. Harusi ilipangwa mwezi Agosti.

Jumapili, vipande vyote vilipokauka, tulivitia kwenye maji. Natamani kila mwenye gurudumu nyumbani angalau mara moja aite watoto wake waone. Kipande kikavu kinazama, kimya kidogo, halafu viputo vinapanda kwa mlio mwembamba kama wa soda. Kingo zinaanza kubomoka, kipande kinapasuka katikati, kinalala chini kama theluji ya kahawia. Dakika chache tu. Kile nilichokipigania wiki tatu kwa mti wa ufagio kilifanyika mbele ya macho yetu, na wala hatukukigusa. Kulwa alitaka kukoroga, mama akamzuia. Ukikoroga mapema, vipande ambavyo havijalowa hujifunika tope na yale mabonge hurudi. Tuliviacha hadi kesho yake. Maji yaliyopanda juu, meupe kabisa, tuliyavuta kwa mpira, nayo yakawekwa.

Kabla sijasahau: vumbi. Usiku ule wa masinia chenga zilikuwa zimekanyagwa na kusagika sakafuni, na wifi akaja na ufagio. Nilimnyang'anya kwa ukali ambao baadaye nilimwomba radhi. Vumbi la udongo lina silika, na likivutwa mwaka hadi mwaka huyaharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Karakana haifagiwi kavu. Hupigwa deki kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa husuuzwa kwenye ndoo, palepale karakanani.

Sasa palikuwa na rojo, na rojo linahitaji kupunguzwa maji. Hapo mimi na mama tulitofautiana. Yeye alitaka kitambaa juu ya mchanga mkavu. Mimi nilitaka jasi, kwa sababu vitabu vyangu vyote vinasema jasi. Nilinunua mfuko kwa fundi wa dari, unga uleule wanaojazia maungio ya dari, wenye asili ya jiwe kama linalochimbwa Makanya, wilayani Same. Jiwe hilo likichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga; ukirudishiwa maji, unashika na kuwa jiwe tena, na hupata joto kidogo linaposhika. Unga hutiwa kwenye maji, kamwe maji yasitiwe kwenye unga. Nilimimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni, nikapata bamba jeupe, zuri, linalofyonza maji kama ardhi ya Dodoma. Rojo lilishika kwa nusu siku. Nilijivunia, nikalikwangua kwa kisu.

Kisu kile ndicho kilichoniharibia. Udongo uliotoka pale nilikanda, nikafinyanga chungu cha harusi kwa siku mbili, nikakikausha wiki tatu, nikakichoma mwezi Juni. Kilitoka jokoni kizima. Siku ya tisa, kikiwa rafuni, nilikuta kwenye ubavu wake kishimo chenye ukubwa wa dengu, na katikati ya kishimo nukta nyeupe. Kesho yake vilikuwa vitatu. Chembe za jasi zilikuwa zimekwanguliwa na kisu zikaingia kwenye udongo. Zikishachomwa, huvuta unyevu wa hewani polepole, huvimba, na kurusha kipande cha ngozi ya chungu. Hakuna dawa. Nilikaa na chungu kile mapajani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekipenda.

Mama alikuwa amekwisha kurudi Kyela. Nilimpigia simu, nikamwambia yote. Alinyamaza kidogo.

“Ule mwingine ulioko kwenye ndoo upo?”

Ulikuwapo. Nusu ya rojo lilibaki, halikugusa jasi. Safari hii nilifanya alivyotaka: mchanga mkavu uani, juu yake shuka la zamani lililokunjwa mara mbili, rojo likatandazwa unene wa vidole vitatu, jua likamaliza. Jioni nililikunja kama mkeka. Lakini nilipoliweka kwenye gurudumu, lilichanika. Nilivuta ukuta wa chungu hadi kimo cha kiganja, ukakatika. Mara ya pili, vilevile. Ilikuwa mifupa aliyoisema.

Zile ndoo za rangi, zile dumu zilizokatwa, beseni la watoto: maji ya kahawia ya usiku wa masinia yalikuwa bado yamejipanga kando ya ukuta, chini ya mfuniko, miezi miwili. Nilifunua chombo cha kwanza. Juu palikuwa na maji maangavu. Chini, unene wa kidole, palilala krimu isiyo na punje hata moja. Niliikusanya krimu ya vyombo vyote, na uji wa beseni la gurudumu wa miezi ile yote, nikapata ndoo moja kamili. Niliurudisha kwenye udongo kidogo kidogo: kutandaza, kupaka, kukunja, kukata kwa waya, kupiga bonge juu ya bonge, kukanda tena. Mama aliniambia kwa simu nisikunje kama chapati, kwa maana hewa hubaki kwenye mikunjo. Nisukume kwa kisigino cha kiganja, nizungushe, nisukume. Mikono iliniuma hadi nikashindwa kufungua kopo la maziwa. Siku ya nne nilikunja ujiti wa udongo kuzunguka kidole. Haukupasuka.

Ule wa bombani haukustahili mikono ya watu, maana ulichanganyika na majitaka ya bafu. Ulishakauka kwenye ndoo zake. Nikavaa glavu, nikaulowesha, nikaupigia lipu joko lote kwa nje, pale ulipokuwa umepasuka ukuta na kuvujisha moto. Joko halijawahi kushika joto vizuri kama sasa. Sinki la karakana nalo halina bomba tena. Fundi alilikata na kuliziba kwa saruji. Nina ndoo tatu. Mkono unaoshwa kwanza kwenye ya kwanza, ambayo ni tope, kisha ya pili, kisha ya tatu, na mume wangu, ambaye hafinyangi, husimama hapo kila Jumapili akipasua kuni za joko na kunawa kwa mpangilio huohuo.

Chungu cha pili nilikifinyanga kwa mikono, kama wanavyofinyanga kwao mama, bila kuwasha mota. Kilichomwa wiki ya mwisho ya Julai. Nilikitazama siku tisa, nikakitazama kumi na tisa. Hakikurusha kitu.

Siku ya harusi kilikaa kwenye ngata ya majani ya mgomba, mama amekijaza maji tangu alfajiri ili yapoe. Mzee mshenga alikumbusha ahadi, bwana na bibi harusi wakachotewa kwa kata. Baadaye, watu walipokuwa wanacheza, nilimwona yule mama kijana amesimama peke yake karibu na chungu, mtoto wake amefungwa mgongoni. Nje ya chungu palikuwa pamelowa jasho la maji, na udongo uliolowa una harufu yake. Alitazama kushoto na kulia. Akainama, akaweka pua kwenye ubavu wa chungu, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.